Maswali ya Wasomaji: Vijiji Vyekundu, Mvua ya Masika na Nukta Zilizoangukia Hispania

Toleo hili tunajibu barua za wasomaji wanaofuatilia magonjwa kwa ramani na kwa kalenda: nani ameugua, wapi, na lini.

Mimi ni afisa ufuatiliaji wa magonjwa mkoani Morogoro. Nimechora ramani ya malaria ya wilaya, kijiji kwa kijiji. Kila mwaka vijiji vidogo ndivyo vyekundu kuliko vyote, lakini mwaka unaofuata vimepauka na vingine vimeshika nafasi. Mganga mkuu anataka kujua vyandarua viongezwe wapi. Nimwambie nini?

Usimpelekee ramani hiyo bado. Kinachohama kila mwaka ni bahati ya hesabu ndogo, na si lazima malaria yenyewe iwe imehama.

Tuseme wilaya nzima ina wagonjwa 6 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Kijiji cha watu 200 kinatarajiwa kuwa na mgonjwa 1.2. Wakipatikana 3, kiwango kinaruka hadi 15 kwa 1,000 na kijiji kinapakwa rangi nzito. Asipopatikana hata mmoja, kinaachwa cheupe. Sasa piga hesabu ya Poisson, inayoonyesha bahati pekee inaweza kuleta wagonjwa wangapi: kijiji cha namna hiyo kina uwezekano wa asilimia 12 wa kupata wagonjwa 3 au zaidi, na asilimia 30 wa kukosa kabisa, hata kama hatari yake ni sawa na ya wilaya nzima. Wilaya yenye vijiji 100 vya ukubwa huo itapata vijiji 12 hivi vyekundu kila mwaka, na havitakuwa vilevile. Kwa kweli vitazidi hapo, maana wagonjwa wa nyumba moja huumwa na mbu walewale, hivyo huja kwa makundi. Mji wa watu 20,000 hauna tatizo hilo. Wagonjwa watatu wakiongezeka, rangi yake haibadiliki.

Anza na njia rahisi: jumlisha miaka mitatu. Kijiji kilichopata 3, kisha 0, kisha 1, kina wagonjwa 4 kwa watu 200 katika miaka 3, yaani 6.7 kwa 1,000 kwa mwaka. Wekundu wote umeisha. Hatua ya pili ni kulainisha viwango kwa njia ya Bayes ya kimajaribio, ambayo programu ya bure ya GeoDa huifanya kwa dakika chache. Inavuta kiwango cha kila kijiji kuelekea wastani wa wilaya au wa majirani zake. Kijiji cha watu 200 kitavutwa sana, mji wa watu 20,000 utabaki karibu ulivyokuwa. Kijiji kinachobaki chekundu baada ya kulainishwa, tena kwa miaka yote mitatu, hicho ndicho cha kumpelekea mganga mkuu.

Kabla ya yote hayo, kagua vitu viwili. Kwanza, mgonjwa amehesabiwa wapi? Taarifa za DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za vituo vya afya, zinaonyesha kituo alikotibiwa. Zahanati yenye dawa na mhudumu wa uhakika huvuta wagonjwa wa vijiji vinne, na kijiji chake kitaonekana kinaungua. Rudi kwenye rejesta za MTUHA, yaani vitabu vya kituo vya kuandikia wagonjwa, ukachukue safu ya makazi, hadi kitongoji ikiwezekana. Pili, unagawanya kwa idadi gani ya watu? Ukitumia sensa ya 2012 kwa kata iliyopokea wakulima wengi tangu wakati huo, kiwango kitapanda kwa sababu tu idadi ya watu imebaki nyuma. Tumia sensa ya 2022.

Mipaka nayo huhama. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kwa hiyo mtu anayechora mstari wa wagonjwa wa Mbeya tangu 2010 ataona anguko ambalo halikuletwa na chandarua chochote. Chagua mipaka ya mwaka mmoja, kisha panga takwimu zote za miaka mingine ndani ya mipaka hiyo.

Tulichukua viwianishi vya GPS vya nyumba za wagonjwa wa kipindupindu Dar es Salaam. Kwenye ramani baadhi zimeangukia Ethiopia, nyingine Hispania, na chache baharini magharibi mwa Afrika. Faili limeharibika?

Faili ni zima, na kila nukta iliyopotea inataja kosa lake. Dar es Salaam iko karibu na latitudo -6.8 na longitudo 39.28. Alama ya kutoa ikidondoka, nukta inavuka ikweta hadi kusini mwa Ethiopia. Safu mbili zikibadilishana, nukta inatua Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Zile za baharini ni sifuri kwa sifuri: simu haikupata setilaiti na fomu ikakubali hivyohivyo.

Kosa baya zaidi halionekani upesi hivyo. Mtu anasoma digrii 6 dakika 48 halafu anaandika 6.48, wakati dakika 48 ni 0.80 ya digrii. Nukta imesogea karibu kilomita 35 lakini imebaki Tanzania, na hakuna atakayeshtuka. Ukiona safu nzima haina desimali inayozidi .59, shuku hilo. Na ukiweka nukta za simu, zinazotumia WGS84, mfumo wa viwianishi wa GPS, juu ya ramani za zamani zilizochorwa kwa mfumo mwingine, Arc 1960, bila kubadilisha mfumo, kila kitu kinahama takriban mita 300. Kwa ramani ya mkoa si kitu, kwa mtaa wa Manzese umekosea kisima.

Mpime nje, mbali na ukuta na mabati, na msubiri simu ionyeshe usahihi wa chini ya mita 10. Hifadhini desimali tano. Desimali mbili ni kama kilomita moja.

Tena, msiishie nyumbani kwa mgonjwa. Andikeni viwianishi vya maji anayokunywa. London mwaka 1854, daktari John Snow alipofuatilia vifo vya pampu ya maji ya Broad Street, alimkuta mjane wa Hampstead, mbali na mtaa huo, aliyekufa kwa kipindupindu. Alikuwa akiletewa maji ya pampu ileile. Kwa ramani ya makazi peke yake, kifo hicho kingeonekana kuipinga hoja yake, kumbe kiliithibitisha.

Nimelinganisha mvua ya kila mwezi na malaria katika wilaya yangu Kenya. Mwezi uleule havihusiani kabisa, lakini nikisogeza miezi miwili vinaoana vizuri mno. Ni halali kusogeza?

Ni halali, na biolojia inakudai ufanye hivyo. Yai la mbu hadi mbu mzima huchukua kati ya siku 7 na 14 kukiwa na joto. Kisha vimelea vya malaria aina ya falciparum vinakomaa ndani ya mbu kwa siku zinazopatikana kwa kugawanya 111 kwa joto la wastani lililotolewa 16. Kwenye nyuzi 27 ni siku 10, kwenye nyuzi 21 ni siku 22. Mbu 9 kati ya 10 wakinusurika kila siku, siku 10 wanabaki asilimia 35, siku 22 ni asilimia 10 tu. Ndiyo maana nyanda za juu hazifanani na pwani. Ongeza wiki moja hadi mbili mwilini mwa mtu kabla ya homa.

Hata hivyo usiamini huo ulinganifu wa "vizuri mno". Mvua ina msimu, malaria ina msimu, na vitu viwili vyenye msimu huoana ukivisogeza vya kutosha. Toa msimu kwanza: kwa kila wiki, pata tofauti na wastani wa wiki hiyohiyo katika miaka mitano iliyopita, kwa mvua na kwa wagonjwa. Ukibaki uhusiano hapo, una jambo la kusema. Tumia wiki, si miezi. Takwimu za mvua za CHIRPS, zinazokadiriwa kwa setilaiti na vituo vya mvua, zinaanza 1981, kwa miraba ya takriban kilomita 5.

Chora pia idadi ya vipimo vya haraka vya malaria (mRDT) vilivyofanyika. Vipimo vikiisha stoo, waliothibitishwa hupungua ilhali homa imejaa kituoni. Wiki mbili za mwisho za chati hushuka karibu kila mara kwa sababu taarifa hazijafika, kwa hiyo usitangaze mafanikio juu yake. Na kwa mlipuko, panga kwa tarehe dalili zilipoanza, si tarehe ya taarifa.

Naweza kupima umbali wa kila kaya hadi zahanati kwa kutumia nukta za DHS, zile tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya?

Hapana. Kila nukta ni ya eneo zima la sampuli, si ya kaya, tena imesogezwa kwa makusudi ili kulinda siri za watu: hadi kilomita 2 mjini, hadi 5 vijijini, na asilimia 1 ya zile za vijijini hadi 10. Chukua wastani wa eneo lenye nusu kipenyo cha kilomita 2 mjini na 5 kijijini, kwa vitu kama mvua au joto. Umbali wa kutembea hadi zahanati utaupata kwa kupima mwenyewe.