Vidonge vilivyobaki, dona na udongo: maswali yenu kuhusu zinki

*Mwanangu wa mwaka mmoja na miezi miwili aliharisha. Kituo cha afya walitupa ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na vidonge kumi vya zinki. Siku ya nne choo kikarudi kawaida. Hivi vilivyobaki niviweke akiba? — Mama, Morogoro*

Hapana, mama. Mpe vyote, kimoja kila siku mpaka viishe. Swali lako limenigusa kuliko yote, maana vidonge vya zinki vilivyoachwa njiani nimevikuta kwenye makabati ya nyumba nyingi mno.

Kuharisha kumekoma, lakini kila choo cha maji kilitoka na zinki ya mtoto, na mwili hauna ghala la madini haya. Vitamini A ini huitunza. Zinki ni ya kuliwa leo na kesho tena. Utumbo uliochubuka unaihitaji ili kujenga upya ukuta wake. Ndiyo sababu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitaka itolewe siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au nusu yake kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Dozi ikikamilika, hata uwezekano wa kuharisha tena miezi miwili mitatu ijayo hupungua.

Weka kidonge kwenye kijiko, dondoshea maji safi au maziwa uliyojikamua, usikitwange. Ndani ya dakika moja hivi kitalainika na kusambaratika chenyewe. Mpe, kisha mnyonyeshe, maana kina ladha ya chuma. Akitapika kabla ya nusu saa, rudia. Akiwa anatapika kila siku, rudi kwa mhudumu mzungumzie dozi: utafiti wa watoto 4,500 wa Dar es Salaam na India, uliochapishwa 2020, ulionyesha kuwa miligramu 10, hata 5, zilifanya kazi sawa na 20 na kutapika kukapungua. Na wakati wa kuharisha, zinki haichukui nafasi ya ORS. Vinakwenda pamoja.

*Nyumbani nyama tunaiona sikukuu tu. Nikiacha sembe nile dona, zinki nitapata? — Msomaji, Dodoma*

Dona ina zinki zaidi, kwa kuwa pumba na kiini havikutupwa. Lakini humo humo kwenye pumba kuna faiteti, kitu kinachoing'ang'ania zinki tumboni hadi itoke nayo chooni. Bibi zetu walikuwa na dawa yake bila kuijua kwa jina: kuloweka nafaka, kuotesha kimea, kuchachusha togwa na uji. Njia zote hizo huvunja faiteti. Maharage pia yaloweke usiku kucha na maji umwage.

Kisha ongeza dagaa. Fungu dogo kwenye mboga, siku nyingi za wiki, lina faida kuliko kilo ya nyama ya Krismasi. Mbegu za maboga nazo usizitupe. Zikaange, uzitwange, utie kwenye kisamvu.

*Nameza zinki miligramu 50 kila siku, mwezi wa tano sasa, kwa ajili ya nguvu za kiume. Ni salama? — Kaka, Mombasa*

Kaka, punguza mwendo. Mwanaume mzima anahitaji kama miligramu 11 kwa siku, na kikomo ni 40, chakula kikihesabiwa humo. Ukizidisha kwa miezi, zinki inaizuia shaba isiingie mwilini. Shaba ikipungua, damu hupungua na miguu inaweza kufa ganzi.

Madai kwamba zinki huongeza nguvu za kiume yana chembe ya ukweli. Mwaka 1958, huko Shiraz, Iran, daktari Ananda Prasad alimpokea kijana wa miaka 21 mwenye umbo la mtoto wa miaka kumi, ambaye hakuwa amebalehe. Chakula chake kilikuwa mkate wa ngano tu, na udongo. Baadaye Misri, vijana wa aina hiyo walipopewa zinki walikua na kubalehe. Lakini wao walikuwa wamepungukiwa. Asiyepungukiwa haongezewi kitu na kidonge. Tatizo lako lina chanzo chake, huenda ni sukari, shinikizo la damu au mawazo. Kapime.

*Kucha za binti yangu zina madoa meupe. Ni upungufu wa zinki? — Baba, Arusha*

Mara nyingi ni alama za kucha kugongwa. Zitakua na kutoka.

*Nina mimba ya miezi mitano na siwezi kupita sokoni bila kununua udongo. Kuna ubaya? — Dada, Tanga*

Upo, dada, na sikulaumu, hamu hiyo ina nguvu. Mkumbuke yule kijana wa Shiraz. Udongo unaweza kunasa zinki na madini ya chuma kabla hayajakufikia wewe na mtoto, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mara nyingi anayeutamani tayari damu yake iko chini. Usiache vidonge vya kuongeza damu, na hudhurio lijalo mwambie muuguzi wazi kwamba unakula udongo, akupime damu siku hiyo hiyo.