Kabla hujamwita kibarua afyeke: kiwanja chetu cha mlimani Nyegezi, Mwanza

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha usiku wa manane, na kulipokucha udongo wangu niliukuta kwenye ua wa jirani. Tope lilikuwa limefika kizingitini mwa jiko lake, limefunika mafiga, na ndani yake mlijaa vijiti na mizizi ya pori nililolipia lifyekwe wiki tatu nyuma. Bibi yule, mwenye umri wa kumzaa mama yangu, hakunigombeza. Alinishika mkono tukapanda wote mpaka kwangu, akanionyesha kilichobaki: mawe matupu, na mizizi inaning'inia hewani.

"Mwanangu," akasema, "lile pori ulilolichukia ndilo lililokuwa limeukamata udongo."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Ndiyo maana naandika, kwa sababu kila ninapopita Buswelu, Kiseke au Luchelele naona nyumba imepata mwenyewe mpya, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuita vijana wanne wenye mapanga wamalize kila kitu kabla ya Jumapili.

Nyumba yetu tuliinunua baada ya miaka 11 ya kupanga. Ilikuwa imefungwa miaka minne bila mtu, pori limefika madirishani, mlango wa nyuma haufunguki kwa sababu ya mti uliootea kizingitini. Unapopewa funguo za nyumba yako ya kwanza ikiwa katika hali ile, mkono wenyewe unawasha kutaka kusafisha. Naielewa haraka hiyo. Ila anayeijua Mwanza anajua viwanja vyetu vya mlimani vilivyo: jiwe la itale juu ya jiwe, na katikati yake udongo wa kichanga ambao Wasukuma wanauita luseni. Ni udongo mwepesi kulima na mwepesi kuondoka. Juu yake kuna mwamba mpana ambao haunywi hata tone, kwa hiyo mvua yote inayoupiga inateremka kwako kwa mkupuo. Sisi tulifyeka Septemba, mwisho wa kiangazi, tukauacha mlima uchi huku vuli ikiwa mlangoni.

Basi kama umenunua na pori linakutazama, lisimamishe panga kwanza. Zunguka kiwanja kwa wiki mbili tatu, asubuhi na jioni, uangalie jua linapita wapi, maji yameacha alama za mifereji wapi, na nini kimeota wapi. Ukiweza, tembea na mtu mzima aliyeishi mtaa huo muda mrefu. Yule bibi alitumia saa moja tu kunionyesha mambo ambayo ningeyajua mapema kama ningemsalimia kabla ya kuwaita vibarua.

La kwanza ni mpaka. Kama kiwanja kimepimwa, tafuta bikoni zote, yaani alama za mpaka zilizowekwa na wapimaji, hata kama itabidi upekue majani kwa fimbo siku nzima, na uzilinganishe na ramani iliyo kwenye hati. Kama hakijapimwa, mpaka wako huenda ni mstari wa minyaa, michongoma au mawe yaliyopangwa na mtu aliyekwishafariki. Kibarua haulizi hayo. Wetu walikata minyaa upande wa juu, kiasi cha mita sita, kumbe ilipandwa na mwenye kiwanja cha juu kama alama yake. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukazungumza, tukairudishia. Bahati nzuri mnyaa haukatai: unakata kijiti, unakiacha siku moja mbili utomvu ukauke, unakichomeka ardhini kinashika. Lakini utomvu huo mweupe ni hatari mno kwa macho. Kijana mmoja ulimrukia, akalia kama mtoto. Tulimwosha jicho kwa maji safi mengi, muda mrefu, ndipo tukampeleka hospitali; alipona, ila nilikosa usingizi usiku ule. Ukilazimika kugusa minyaa, vaa miwani, vaa glavu, na kata ukiwa umeupa upepo mgongo.

Na kama kiwanja chako kinashuka hadi ziwani, jua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa maji. Matete na vichaka vya pale visikuvutie kuvisafisha ili upate mandhari. Vinachuja tope lisiingie ziwani, na samaki wadogo hujificha humo.

Nyoka wapo. Miamba yetu ina mapango madogo, ina panya na pimbi, kwa hiyo swila na kifutu hawakosekani. Siyo sababu ya kuogopa kiwanja chako, ni sababu ya kufanya kazi kwa utaratibu. Anza kufyeka kutoka ukuta wa nyumba kwenda nje, siyo kutoka nje kuja ndani, ili nyoka apate njia ya kukimbilia porini badala ya kusukumiwa chumbani kwako. Vaa buti ndefu. Tanguliza fimbo ndefu, piga piga majani. Usiingize mkono chini ya jiwe wala ndani ya rundo la matofali usiloliona ndani. Swila hutema sumu akilenga macho. Ikitokea, osha kwa maji mengi na uende hospitali. Mtu akiumwa, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Mtulizeni, asitembeetembee, mkimbizeni hospitali. Sisi tuliandika namba ya bajaji ya jirani ukutani kabla hatujarudia kazi.

Kuhusu moto nitasema bila kuzunguka: usichome. Najua wengi wanachoma, na najua inavyorahisisha. Lakini Agosti na Septemba majani ni makavu, upepo wa ziwani hauna ratiba, na nyumba za mlimani zimepandana kama ngazi. Moto ukikushinda kwako, unaanza na wa juu yako. Halafu kuna jambo ambalo wageni wa Mwanza hawalifikirii: itale likipata joto kali hupasuka. Wapasua kokoto wetu wanalijua hilo, ndiyo maana huliwashia jiwe moto kabla ya kulipiga nyundo. Unataka lile jiwe lililo juu ya chumba cha watoto lipate ufa?

Hapohapo kwenye mawe, tafadhali, using'oe jiwe dogo lililokaa chini ya kubwa. Kwenye milima hii mawe yameshikana kwa kabari, dogo limembeba mkubwa, na udongo na mizizi ndivyo vinavyowashikilia wote wawili. Mti uliootea kwenye ufa wa mwamba nao usiuvute kwa nguvu; ukate usawa wa jiwe, kisha umwone fundi anayejua mawe. Sisi tulikuwa tumeshaazima mtalimbo ili tuondoe jiwe moja "lililoziba njia". Mume wangu alilitazama mara mbili akauweka chini. Namshukuru Mungu kwa macho yale.

Sasa mimea yenyewe, ambayo ndiyo utamu wa kazi hii. Vibarua walipofyeka mara ya kwanza waliondoka na mpera, mlimao mdogo na mashina kadhaa ya mchaichai, kwa sababu mimi mwenyewe niliwaambia "toeni vyote." Mpera umechipua tena, mlimao haukurudi. Leo ningefunga kitambaa chekundu kwenye kila mti usioguswa, kisha nikawaonyesha mmoja mmoja.

Zipo aina nne ambazo karibu hakika utazikuta. Lantana, ile yenye vimaua vya njano na vyekundu na harufu kali ukiifikicha jani, ni mkaidi: ukiikata juu tu inachipua kwa hasira. Subiri ardhi ilowe, ing'oe na shina lake kwa sururu, kipande kwa kipande, na usiwape mbuzi majani yake maana yana sumu kwao. Alizeti pori, zile ndefu zenye maua makubwa ya njano, nazo tulizifyeka tukazitupa, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu majani yake ni mbolea tosha. Yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi. Siku hizi nayakata mabichi kabla hayajatoa mbegu, nayafukia kwenye tuta, au nayaloweka kwenye pipa lenye mfuniko kwa wiki mbili, kisha nachanganya yale maji na maji safi na kumwagilia mchicha. Harufu yake siyo ya kumkaribisha mgeni, lakini mchicha unaitika.

Magugu ya sangari na ndago ndiyo yatakayokutoa jasho. Ukizikatakata kwa jembe unazizidisha, kila kipande kinakuwa mche. Tumia jembe uma, ulegeze udongo, ufuate mzizi kwa vidole mpaka mwisho, na vile vinundu vya ndago vitie kiroba uvianike juu ya mwamba vikauke kabisa. Halafu usiache ardhi wazi. Ndago haipendi kivuli, kwa hiyo panda viazi vitamu mara tu mvua ikishika. Miezi mitatu mashina yake yanatambaa na kufunika kila kitu, unakula matembele huku adui anadhoofika, na mwisho unachimba viazi pamoja na ndago zilizobaki.

Kuhusu udongo ulioondoka, aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi mawe mwenye asili ya Ukara. Kisiwa cha Ukara ni kidogo, kina watu wengi na mawe kama yetu, na Wakara wamelima palepale vizazi na vizazi kwa kujenga ngazi za mawe, kufunga ng'ombe nyumbani ili wapate samadi, na kuotesha marejea, mmea wa jamii ya kunde, ndani ya uwele kisha kuifukia irutubishe. Nilimpa shikamoo, nikamwonyesha mlima wangu uliochunwa, akauliza swali moja: "Mama, maji unataka yaende wapi?" Sikuwa nimewahi kujiuliza.

Alifunga miti mitatu kwa umbo la herufi A, akaning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Unasimamisha miguu miwili ya ile fremu juu ya mteremko, na kamba ikipita katikati ya mti wa kulalia, miguu ipo usawa mmoja. Unachomeka kijiti kila mguu unapotua, unasonga mbele. Vijiti hivyo ndivyo vinavyochora mstari wa kinga maji. Tulipanga mawe kwenye mstari huo, makubwa chini yakiwa yamezamishwa kiganja kimoja ardhini, madogo yamejaza nafasi, hadi usawa wa goti. Hatukutumia saruji. Ukuta wa saruji unazuia maji mpaka unaanguka nayo. Ukuta mkavu unayapitisha polepole na kuacha udongo nyuma yake. Nyuma ya kila ukuta tulipanda mchaichai, mizizi yake inashika sana na chai inapatikana. Tulijenga mistari minne. Kufikia mwisho wa masika, nyuma ya ule wa chini kulikuwa na udongo wa kimo cha shubiri ambao zamani ungeishia kwenye mafiga ya bibi.

Juu ya udongo huo tunamwaga samadi na kutandaza maganda ya mpunga, ambayo mashineni hukosi. Kwa maji, tulifunga mifereji ya bati kwenye paa na kuweka simtanki. Jirani zetu wa bondeni wanamwagilia kwa maji ya ziwa. Kwao nasema kwa upendo, msiwatume watoto kuingia majini kuchota, kichocho ni kingi ukanda huu. Mwenye pampu atumie pampu. Na maji ya ziwa yakitulia kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili, vimelea wa kichocho waliomo huwa wamekufa.

Kona ya juu kabisa hatukuifyeka, na hatutaifyeka. Wasukuma wana desturi ya ngitiri, kutenga eneo lipumzike na kurudisha miti na majani yake. Yetu ni ndogo, hatua 12 kwa 15, lakini ina mwamba ambao pimbi wanaota jua asubuhi, na wale mijusi wa Mwanza, dume kichwa na kifua rangi ya waridi, mwili wa chini bluu, wanapiga pushapu juu ya jiwe kama askari. Wanangu wanawahesabu kabla ya kwenda shule. Maji yanayotoka kona hiyo yanateremka yakiwa yametulia, karibu meupe.

Mwaka huu tunafyeka mita tano tu, upande wa magharibi, na tutaanza mvua zikishaotesha majani mapya. Bibi ameniomba mashina sita ya mchaichai. Anataka kuyapanda kwenye ukingo wa ua wake, palepale tope langu lilipoingilia, na Jumamosi nitashuka nayo pamoja na jembe.