Kabla hujaenda kufundisha lishe vijiji vya ziwani

Ukitaka kufundisha lishe kwenye vijiji vya wavuvi huku Mwanza, cha kwanza kuuliza ni mwezi ukoje. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikolea taa haina kazi, mitumbwi inatulia mwaloni, na kwa siku kadhaa hakuna mzigo mpya. Giza likirudi, akina mama wako ufukweni tangu alfajiri wakipokea, wakianika, wakigeuza, jicho moja likiangalia mawingu. Ukiitisha semina asubuhi ya siku kama hiyo utapata wazee wawili na watoto waliokuja kushangaa gari, halafu unarudi mjini unasema jamii haina mwamko. Mwamko upo, ila dagaa wakilowa hawana bei.

Naandika haya kwa sababu kila nikitoka Magu au Sengerema, kuna mtu ananiuliza naye aanzie wapi. Wengi ni vijana waliomaliza chuo, wana moyo, na wana vipeperushi.

Mambo ya ofisini nayapitia haraka. Nenda kwa afisa lishe wa halmashauri, eleza unachotaka kufanya, upate barua. Barua hiyo itakufikisha kwa mtendaji wa kijiji, utasaini kitabu cha wageni, kisha mwenyekiti wa kitongoji atakutambulisha kwa watu. Usiruke ngazi hata kama shemeji yako anaishi hapo. Ila mtu wako hasa ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Huyo anajua nyumba ipi ina mtoto ambaye uzito kwenye kadi yake ya kliniki haupandi, na nani amegombana na nani, ili msipikie penye ugomvi. Muulize pia Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inaangukia lini. Huwa kila baada ya miezi mitatu, watoto wanapimwa na wazazi wanakusanyika. Ukiiwahi, kazi ya kuita watu umeshafanyiwa.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mgeni akifika ziwani akaona samaki waliotandazwa kila mahali, anashindwa kuelewa: hapa mtoto anadumaaje? Fuatilia samaki anaenda wapi. Sangara anapelekwa kiwandani, minofu inasafirishwa nje, huku nyuma yanabaki mapanki, yaani vichwa na mifupa. Dagaa anauzwa, na sehemu kubwa inaishia kwenye chakula cha kuku. Pesa inayopatikana inanunua unga, sabuni na daftari. Kitoweo kinachobaki nyumbani wakubwa wanakula nyama, mtoto wa mwaka mmoja anachovyewa ugali kwenye mchuzi. Kwa hiyo ukisimama mbele ya watu hawa na kusema "samaki ni protini", hujawaambia kitu. Wanajua. Kinachotakiwa ni samaki afike kwenye bakuli la mtoto, na hilo halifundishwi kwa bango lenye picha ya tufaha na zabibu.

Linafundishwa jikoni. Ushauri wangu mkubwa ndio huo: pika nao, kwa sufuria yao, kwa kilichopo siku hiyo.

Nieleze inavyokuwa. Mama mmoja anatoa dagaa wake, tunawamwaga kwenye ungo na kupepeta. Mchanga unaobaki chini ya ungo unatosha kuanzisha mjadala, maana wale wanaoanikwa chini na wale wa kwenye chanja hawafanani hata kidogo. Mama wengi wanakwambia dagaa humharisha mtoto. Wakiuona ule mchanga na uchafu wake, wanaanza wenyewe kulaumiana kuhusu uanikaji. Tunanyofoa vichwa kwa sababu ya uchungu, mifupa tunaiacha kwa ajili ya madini ya chokaa. Tunaosha kwa maji ya moto mpaka maji yawe meupe, tunakaanga bila mafuta hadi wakauke kabisa, tunatwanga, tunachekecha. Unga huo kijiko kimoja cha chakula kinaingia kwenye uji wa mahindi uliokwisha kuiva, pamoja na karanga zilizosagwa.

Halafu kuna suala la uzito wa uji. Uji mwingi wa watoto huku ni maji yenye rangi. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Ukilijaza maji, atashiba bila kula. Tunachota uji, tunainamisha kijiko: ukimwagika wote mara moja, bado, ukibaki na kuteleza polepole, sawa. Bibi mmoja aliangalia kijiko changu akasema, "Binti, huo si uji, huo ni ugali umekosea njia." Watu wakacheka mpaka sufuria ikasahaulika motoni. Lakini mjukuu alipoumaliza, ni yeye bibi aliyeomba tuonyeshe tena kiasi cha maji.

Hapa nina ugomvi na unga wa lishe wa nafaka saba, nane, kumi. Umekuwa fasheni hata vijijini: mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, vyote mashineni kwa pamoja. Mama anaona bila hivyo vyote hajalisha, na kwa kuwa hawezi kuvinunua, anakata tamaa na kurudi kwenye uji mweupe. Nafaka moja na jamii moja ya kunde zinatosha, kisha dagaa, majani, tunda la msimu. Na kama ni karanga, simama hapo umuone mama anavyochambua. Zile zilizosinyaa au kuota ukungu ndizo za bei rahisi, na ndizo mara nyingi zinazosagwa kwa ajili ya mtoto. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kuchemsha. Za kutupa zitupwe.

Wala usiwadharau kwa vyakula vyao. Msukuma anayehifadhi michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyokaushwa, na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ameshajipanga na kiangazi kabla yako. Unachoweza kuongeza ni mbegu ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Watu wa utafiti wa Ukiriguru, pale Misungwi, wanavifahamu vizuri. Ukivileta, sema vikaushwe kivulini, maana jua kali linapunguza ile vitamini.

Utasikia pia kwamba mjamzito akila mayai mtoto huzaliwa bila nywele, au akila sana mtoto atakuwa mkubwa na uzazi utamshinda. Usicheke, na usibishane na mama mkwe mbele ya mkwe wake, utamwachia binti wa watu vita nyumbani. Yule anayeogopa mayai mshauri dagaa na maharage, kisha mwombe muuguzi wa zahanati azungumze na huyo mama mkwe. Na akina baba wafuate walipo, mwaloni au kwenye bao. Ng'ombe ni wa baba, pesa ya samaki ni yake. Mke aliyefundishwa peke yake anarudi nyumbani na maarifa asiyoweza kuyanunulia hata yai.

Kuna mstari usiuvuke. Ukipima mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 na utepe ukasoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, au ukibonyeza miguu yote miwili na shimo likabaki, hapo somo limekwisha. Mtoto aende kituo cha afya siku hiyohiyo, nawe tafuta bodaboda. Usianze kumpa uji wako ukidhani utamponya. Na picha yake usiiweke popote.

Ukirudi baada ya wiki kadhaa, usiulize "mnampa mtoto dagaa?" Kila mtu atajibu ndiyo, kwa adabu tu. Uliza jana alikula nini tangu alipoamka, moja baada ya jingine, na nani alimlisha. Mara nyingi utaambiwa ni dada yake wa miaka tisa. Basi kipindi kijacho mwite na huyo dada, ila panga baada ya saa za shule.