Maswali Yenu: Runi ya Odin ni ipi hasa?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi nachora tatuu huku Mombasa. Kuna mteja kaniletea picha ya runi, zile herufi za Wavikingi, pembeni ya kila herufi wameandika jina la mungu wao, Odin, Thor, Freyja na wengine. Anataka runi ya Odin mkononi. Nimepekua mtandaoni kila mtu anasema lake. Nimchoree ipi?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na umefanya la maana kuuliza kabla sindano haijagusa ngozi ya mtu. Kwanza kabisa runi ni herufi za kuandikia, watu wa Skandinavia na majirani zao walikuwa wanazichonga kwenye mbao, mifupa, mapambo na mawe tangu karne ya 2 hivi. Zile za zamani zilikuwa 24, zinaitwa futhark kwa sababu sita za mwanzo ni f, u, th, a, r, k, kama watoto wa chuoni huko kwenu wanavyoanza na alifu, bee, tee. Wakati wa Wavikingi wenyewe, wale mabaharia wa Skandinavia wa karne ya 8 hadi ya 11 hivi, zilikuwa zimeshapungua zikabaki 16, kwa hiyo ukiona picha ina 24 halafu juu wameandika "za Wavikingi" ujue aliyeiandaa hakuwa makini.

Sasa Odin. Yeye hana runi moja ya peke yake, zote ni zake kwa maana kwamba ndiye aliyezipata, na alizipata kwa taabu kwelikweli. Kwenye shairi la Hávamál, ambalo tunalo kwenye kitabu cha ngozi kilichoandikwa Aisilandi mwaka 1270 hivi, Odin anasimulia mwenyewe: alining'inia kwenye mti unaopigwa na upepo usiku tisa mzima, kachomwa mkuki, katolewa sadaka kwa Odin, yaani yeye kwa yeye mwenyewe, hakuna aliyempa mkate wala pembe ya kinywaji, akachungulia chini, akazichukua runi huku anapiga ukelele, kisha akaanguka. Mi nikifika pale kwenye mkate huwa nasimama kidogo, mkubwa wa miungu wote kalala njaa siku zote hizo kwa ajili ya herufi.

Mteja aking'ang'ania apate moja, iliyo karibu zaidi ni ile ya sauti ya a, jina lake la kale maana yake ni mungu, na kuna shairi la Aisilandi linaloeleza runi moja baada ya nyingine, hapo linasema huyo mungu ni Odin. Ila shairi kama hilo la Norwe linasema herufi hiyohiyo ni mlango wa mto, kwa hiyo hata wenyewe hawakuwa na jibu moja.

Mwenye runi kwa jina lake kabisa ni Tyr, yule aliyeweka mkono mdomoni mwa mbwamwitu Fenrir ili wenzake wapate kumfunga, mkono ukaliwa. Runi yake ni kama mshale unaoangalia juu, na kwenye shairi moja shujaa Sigurd anafundishwa achonge runi za ushindi kwenye upanga na amtaje Tyr mara mbili. Lakini hii usiichore kabla hujamwambia mteja ukweli: Wanazi wa Hitler waliifanya moja ya nembo zao, na huko Ulaya kuna makundi ya wabaguzi bado wanaitumia mpaka leo, asije akatembea Stockholm mkono wazi watu wakamwelewa vingine.

Freyja hana herufi, hata kama picha yako inasema anayo. Na ile ya th wanayompa Thor, jina lake kwa watu wa Skandinavia lilikuwa thurs, yaani jitu, na majitu ndio maadui wa Thor. Thor yupo kwenye runi kwa namna nyingine ambayo mimi naipenda zaidi: pale Glavendrup, kisiwa cha Fyn huko Denmaki, kuna jiwe la karne ya 10 ambalo mama mmoja Ragnhild alimsimamishia marehemu mumewe Alli, na humo wakachonga "Thor azitakase runi hizi".

SWALI: Nimeona vinauzwa vijiwe 25 vya runi vya kupigia ramli, kimoja hakina alama, wanakiita cha Odin. Ni vitu vya kale kweli? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Hicho kitupu sio cha kale, kilianza kusambaa kutoka Marekani mwaka 1982. Kwamba runi zina nguvu watu wa kale waliamini, ila waliziogopa vilevile. Kuna hadithi ya Egil, mshairi na mpiganaji wa Aisilandi, siku moja anafika nyumba moja anamkuta binti mgonjwa hoi, anaambiwa kuna kijana wa jirani kamchongea runi na hali ikazidi kuwa mbaya. Egil anamtoa kitandani, anapekua, anakuta kipande cha mfupa wa nyangumi kimefichwa kama mtu anavyoficha hirizi chini ya godoro. Anazisoma, anazikwangua zote, anachoma kile kipande, matandiko anaagiza yapelekwe nje yapigwe na upepo, kisha anachonga nyingine anaweka chini ya mto, na binti anaamka kama mtu aliyetoka usingizini. Kumbe kijana alikuwa anamtaka, akataka kuchonga za mapenzi na hakuzijua. Egil anasema pale asichonge runi asiyejua kuzisoma.

SWALI: Eti alama ya Bluetooth kwenye simu ni runi?

JIBU: Ndiyo, ni mbili zimeunganishwa, H na B, za Harald Bluetooth, mfalme wa Denmaki wa karne ya 10. Jiwe lake liko Jelling, na runi zake zinasema yeye ndiye aliyewafanya Wadenmaki kuwa Wakristo, maana runi ziliendelea hata miungu wale walipoachwa. Pale Bergen, Norwe, baada ya moto wa mwaka 1955 wachimbaji wa mambo ya kale walitoa ardhini vijiti na mifupa mamia vyenye runi, vya biashara, vya sala, na kimoja kimeandikwa tu "Gyda anasema urudi nyumbani". Kuna na mstari mwingine, ila haueleweki.