Kitabu cha kwanza cha mvinyo kwa mhudumu wa hoteli

Ndugu, umeuliza ununue kitabu kipi cha mvinyo, ilhali fedha zako zinatosha kimoja tu na kazi yako ni kuhudumia wageni mezani. Nakushauri uanze na The World Atlas of Wine cha Hugh Johnson, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1971 na ambacho baadaye Jancis Robinson alishiriki kukiandika, kwa sababu ramani zake huonyesha wazi jambo ambalo maelezo matupu hulificha: ukitazama kurasa za Burgundy, eneo la mvinyo nchini Ufaransa, utaona mashamba yenye sifa kubwa yamejipanga katikati ya mteremko, si bondeni wala kileleni, na hapo utaelewa kwa nini chupa mbili za zabibu ileile hutofautiana sana bei.

Kabla ya kulipa, angalia mwaka wa toleo, maana milima haihami lakini majina ya wazalishaji hubadilika. Vitabu vya wiski na konyagi vinaweza kusubiri.

Ukipata fedha tena, tafuta Potent Brews cha Justin Willis, cha mwaka 2002, kinachosimulia historia ya pombe Afrika Mashariki tangu 1850. Hakifundishi kuonja, lakini binafsi nakithamini mno, kwani kinazichukulia pombe zetu kwa uzito unaostahili.