Wasomaji Wanauliza: Treni Ndefu Hivi Imebeba Nini?

SWALI: Shkamoo mhariri. Mi nimekulia Kigoma, treni naijua toka mdogo, lakini hizi za huku Lincoln, Nebraska, zimenishinda. Nikienda kazini geti la reli linashuka, vichwa vya rangi ya chungwa vimeandikwa BNSF vinapita, afu mabehewa, nahesabu hadi mia nachoka. Wanabeba nini humo jamani? Na mwanangu wa miaka saba juzi kaja mbio anasema kaona ndege juu ya treni, nikamgombeza kwa uongo.
*Mama wa watatu, Lincoln*

JIBU: Marahaba dada, na kwanza kamwombe radhi mtoto maana hajadanganya. Bodi za ndege za Boeing 737 zinaundwa Wichita, Kansas, zikiwa za kijani, hazina mabawa wala mkia, afu BNSF, kampuni ya reli yenye hivyo vichwa vya chungwa, inazivuta hadi Renton kule jimbo la Washington, ndo zinafungwa mabawa. Mwaka 2014 treni yenye bodi hizo iliacha reli Montana, tatu zikaporomoka hadi kwenye mto Clark Fork.

Mzigo mwingine utaujua kwa kuangalia behewa. Lililo wazi juu, limejaa vitu vyeusi, hayo ni makaa ya mawe kutoka bonde la Powder River, Wyoming na Montana, yanaenda kwenye mitambo ya umeme. Treni moja inaweza kuwa na mabehewa kama 125, kila moja tani 110 hivi, piga hesabu mwenyewe inapita tani 13,000, yaani semi za tani thelathini zaidi ya mia nne zimefuatana! Ndo maana unasubiri vile. Lililofunikwa juu na lina milango tumboni ni la nafaka: mahindi, soya, ngano, mengi yanaenda bandari za Pasifiki yapakiwe meli za Asia. Kontena mbili zimepandana ni bidhaa za madukani, viatu, TV, ila hizo njia yake kuu ni kusini, Los Angeles hadi Chicago.

Sasa matenki. Angalia kibao cha pembe nne kilichosimama kwa kona, kina namba. 1075 ni gesi kama ile ya kupikia, 1267 ni mafuta ghafi. Na herufi za ubavuni zikiishia na X ujue behewa si la kampuni ya reli, ni la mwenye mzigo au la mkodishaji, BNSF inavuta tu.

Kitu kimoja dada nakuomba sana uwaambie wanao. Treni ikisimama imeziba njia, mtu asipite chini wala asiruke pale mabehewa yanapoungana, hata kama amechelewa shule. Kuna vichwa vingine katikati au nyuma vinaongozwa kwa redio na dereva aliye mbele, kilomita mbili kutoka ulipo, hakuoni, na inaweza kuondoka bila hata honi. Na ikiwa mwendo kasi kusimama inahitaji zaidi ya kilomita moja na nusu. Pale kwenye kivuko kuna kibao cha bluu chenye namba ya simu na namba ya kivuko, kipige picha leo leo ukae nacho kwenye simu, siku gari ikizima juu ya reli wote mnashuka, mnakimbia mbali, ndo unapiga.

SWALI: Hiyo BNSF ni ya serikali kama TRC yetu?
*Kijana wa Morogoro*

JIBU: Hapana mdogo wangu, ya watu binafsi. Ilizaliwa 1995 Burlington Northern na Santa Fe zilipoungana, makao yapo Fort Worth, Texas, na toka 2010 ni mali ya Berkshire Hathaway, kampuni aliyoikuza Warren Buffett wa Omaha. Hata reli zenyewe ni zao, majimbo 28. Amtrak ya abiria inayopita Lincoln usiku wa manane inapita juu ya reli za BNSF, na inazilipia. Sheria inasema abiria wapewe njia kwanza, lakini malalamiko ya kusimamishwa porini kupisha mizigo hayajaisha mpaka leo.