Muulize Mjomba: "Bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya", na sisi tufanyeje?

SWALI: Assalaam aleikum Mjomba. Nakuandikia kutoka hapa Malindi, nimeandika mara tatu nikafuta. Ndugu yangu alikuwa mvuvi, miaka 22. Alfajiri moja anarudi kutoka baharini na ndoo yake ya samaki, askari walikuwa wanawakimbiza vijana wengine wanaosemekana wanauza unga (dawa za kulevya), yeye hata hakukimbia mana hakuwa na cha kukimbilia, risasi ikampata pajani akatoka damu nyingi mpaka tunafika hospitali hana tena maneno. Tukamzika siku ile ile baada ya alasiri. Usiku wake mkubwa wa kituo akaja na askari wawili, wamebeba mchele na sukari na bahasha ya elfu hamsini, akasema poleni wazee, kijana wetu bunduki ilimfyatukia, ni bahati mbaya tu. Alafu akamtolea baba karatasi asaini, na baba kusoma kwake ni kwa shida na siku ile alikuwa hajui hata amevaa nini, akasaini. Sasa ni miezi minane. Mama anasema ni kadari, tumwachie Mungu. Mimi kikoi chake ninacho, kina tundu na damu, niliwanyang'anya wasikifue, kiko kwenye kindoo cha plastiki chenye kifuniko chini ya kitanda changu. Na mtoto wa jirani aliokota ganda la risasi pale njiani akaniletea. Askari mwenyewe hatumjui jina. Je, mambo ndo yameisha hivi?
Dada wa Marehemu, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, Mungu amrehemu ndugu yako na awape subira. Hayajaisha. Lakini kabla sijakueleza kwa nini, inuka hapo ulipo ukakitoe kikoi kwenye hicho kindoo. Kitu chenye damu ukikifungia kwenye plastiki kinapata unyevu, kinaota ukungu, kinaoza, na ushahidi unaoza nacho. Kianike kivulini, si juani, kikauke vizuri, usikikung'ute wala usikipige pasi, kisha kitie kwenye mfuko wa karatasi ya kaki, andika juu tarehe ya tukio, jina lako, na kila mtu aliyewahi kukishika. Ganda la risasi nalo lifunge kwenye karatasi peke yake, usilisugue ling'ae. Bunduki inapopiga huacha alama yake pale nyuma ya ganda, na wataalamu wa silaha wanaweza kulilinganisha na bunduki zenyewe wakajua limetoka kwenye ipi. Na askari hachukui bunduki kama anavyochukua kofia, huandikishwa, bunduki namba fulani na risasi kadhaa, na akirudisha zinahesabiwa. Kwa hivo hilo la "hatumjui jina" lisikuvunje moyo hata kidogo, jina lake limo kwenye rejista yao wenyewe. Vitu hivyo viwili usivipeleke kituo kile kile, vikabidhi kwa wachunguzi nitakaokutajia hapo chini na usiondoke bila karatasi yenye sahihi ya aliyevipokea.

Sasa hii bahati mbaya. Nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama na familia nyingi, na hili neno nimelisikia mpaka limenikaa rohoni. Bunduki haifyatuki kama mlango uliopigwa na upepo. Mtu lazima ameweka risasi chemba, ametoa sefti (kile kizuizi cha kufyatua), na mara nyingi kidole kiko kwenye triga. Kila hatua hapo ina mwenyewe, na kila hatua inaulizika: kwa nini ulikoki njia ambayo wavuvi wanapita, kwa nini sefti ilikuwa wazi na wewe unakimbia, ulimpigia kelele mtu asimame au ulianza na risasi? Aliyekuja kwenu usiku ule na mchele hakuwa na mamlaka ya kutamka kwamba ni bahati mbaya. Hayo ni ya mahakama, baada ya uchunguzi, na uchunguzi si wake yeye.

Ukitazama sheria yenyewe, Kanuni ya Adhabu ya Kenya kifungu cha 9 inakubali kweli kwamba mtu hana hatia kwa jambo lililotokea kwa ajali, lakini hapo hapo inaacha nje makosa ya uzembe. Aliyeua bila kukusudia lakini kwa kitendo kisicho halali au kwa uzembe unaostahili adhabu, hilo ni kosa la kifungu cha 202, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Na kama alimlenga mwengine akampata ndugu yako, asije akajitetea eti "sikumkusudia huyu". Kifungu cha 206 kinasema nia ya kumuua au kumuumiza vibaya mtu yeyote inahesabika hata kama aliyekufa siye aliyekusudiwa. Wengi hawalijui hili, hata baadhi ya wanaovaa sare.

Alafu kuna Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, jedwali la sita, hili naomba ulisome au usomewe. Linasema bunduki ni mwisho wa njia zote, pale ambapo njia nyepesi hazitoshi, na askari ajitambulishe kwanza na atoe onyo la wazi, ila tu kama onyo lenyewe litahatarisha maisha. Mtu akiumia, askari waliopo lazima wampe huduma ya kwanza, na kutofanya hivo bila sababu nzuri ni kosa la jinai. Kwa hivo jiulizeni na muandike: nani alimfunga lile paja? Ni askari au ni nyinyi? Gari ilikuwa ya nani? Na risasi ikiua au ikijeruhi vibaya, mkubwa wao ANALAZIMIKA kupeleka ripoti kwa IPOA, ndo ile Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, na kulinda mahali pa tukio mpaka uchunguzi ufanyike. Kama ganda la risasi liliokotwa na mtoto anayecheza njiani basi hapo palipolindwa ni wapi?

Kwa hivo nenda IPOA. Wana ofisi Mombasa, na namba ya bure ni 1559, kupeleka malalamiko hakulipiwi hata shilingi. Peleka nakala ya kibali cha mazishi, karatasi za hospitali (hata kama alifika amekufa kuna kitu kiliandikwa pale mlangoni), namba ya OB (kile kitabu cha matukio cha polisi) kama ipo, na majina ya waliokuwepo. Jua pia kwamba IPOA wao hawashtaki, wanachunguza kisha faili linakwenda kwa DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma, yeye ndiye anayeamua kama kesi iende mahakamani au hakimu afanye kwanza uchunguzi wa kifo hadharani. Hapo ndipo familia nyingi zinapochoka, faili linalala mwaka, miwili, na wewe unapiga simu kila mwezi. Piga. Andika tarehe uliyopiga na aliyekujibu.

Najua utaniuliza, kwani kuna askari aliyewahi kufungwa? Wapo. Tena hapa hapa Pwani. Mwaka 2014 kule Kinango, Kwale, askari waliingia usiku nyumba moja wakampiga risasi Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14. Walisema aliwarukia na panga. IPOA wakaichunguza, na Februari 2016 Mahakama Kuu Mombasa ikawatia hatiani polisi wawili kwa kuua bila kukusudia, miaka saba kila mmoja. Ndo ilikuwa hukumu ya kwanza kutokana na kazi ya IPOA tangu ianzishwe. Mtoto wa kijijini, si wa tajiri wala wa mwanasiasa. Na ya pili, 2022 Kajiado, mwandishi wa habari kutoka Pakistani, Arshad Sharif, aliuliwa kwenye gari, polisi wakasema walilifananisha gari, walikosea. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema kuua kule kulikuwa kinyume cha sheria na ikaamuru mjane alipwe fidia ya milioni 10. "Tulikosea" haikutosha.

Hapo kwenye fidia nisikilize sana, mana muda unakukimbia. Kuidai serikali fidia kwa madhara ya aina hii, sheria inatoa miezi 12 tu tangu siku ya tukio. Wewe uko mwezi wa nane. Ipo njia nyengine ya kwenda Mahakama Kuu kwa kuvunjwa haki ya kuishi, ibara ya 26 ya Katiba, na hiyo haibanwi na ile miezi, lakini majaji hawapendi mtu aliyelala, kwa hivo usiitegemee kama mto wa kulalia. Tafuta loya wiki hii. Kama hamna pesa, mashirika ya haki za binadamu MUHURI na Haki Africa wako Mombasa na kazi hizi wanazijua, waoneni.

Karatasi ya baba sasa. Mtakeni loya aandike barua kuomba nakala yake, mana mpaka leo hamjui mmesaini nini. Lakini hata ikiwa imeandikwa "tumesamehe", kesi ya kuua ni ya Jamhuri, si ya baba, msamaha wa mzee aliyetoka kumzika mwanawe jioni ile haumfungi mikono DPP. Na zile elfu hamsini na mchele, msione haya kwamba mlikula. Ni matanga, watu walikula. Semeni tu wazi mlipewa nini, na nani, saa ngapi, mbele ya nani.

Kuhusu kaburi, najua ndo kitu kinachokutisha hata kuandika hukukiandika. Sisi huzika haraka na ndo sunna yetu, siwalaumu, lakini maiti ya mtu aliyeuawa kwa risasi ikizikwa bila daktari kuiangalia kesi inabaki na pengo. Hakimu anaweza kutoa amri lifukuliwe. Huenda ikahitajika, huenda karatasi za hospitali na mashahidi wakatosha. Kaeni na sheikh wenu mapema, kabla hiyo siku haijafika, mama asije akasikia habari hiyo kwa watu wa mtaani.

Na mama mwambie hivi kwa upole, usibishane naye. Kufa ni kadari, kweli, siku yake ilikuwa imefika. Lakini Mungu huyo huyo aliposema juu ya anayemuua muumini kwa kukosea, Suratu Nnisaa aya ya 92, hakusema basi yamepita. Aliweka diya, yaani fidia ya damu, ikabidhiwe watu wake aliyekufa, isipokuwa wao wenyewe wasamehe. Wao wasamehe, si wasameheshwe usiku wa matanga kwa kalamu ya mtu mwengine. Kudai haki ya mwanawe hakumtoi kwenye imani.

SWALI: Mjomba mimi sikufa, risasi ilinipita kwenye bega nikiwa dukani kwangu nauza, mkono mpaka leo hauinuki. Yangu nayo ni kesi ama ni mpaka mtu afe?
Muuza Duka, Watamu

JIBU: Ni kesi. Kuumia vibaya kumeandikwa pamoja na kufa, ripoti IPOA vile vile, na ile miezi 12 inakuhusu nawe. Chukua fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, ijazwe na daktari, weka picha za eksirei na risiti zote hata za teksi ya kwenda hospitali, na ile siku mkono unaposhindwa kubeba kreti piga picha.

SWALI: Mjomba shikamoo. Mimi niko Lamu, mume wangu ni askari, kituo chake kiko mbali na hapa. Miezi miwili iliyopita kwenye doria bunduki yake ilitoa risasi ikamuua mtu ambaye hakuwa na kitu mkononi. Mkubwa wake amemwambia aandike kwamba yule mtu alikuwa na panga. Bado hajaandika. Amekuja likizo, analia usiku, na anafunga mfululizo anasema ni kafara. Watu wakijua watatuonaje, na watoto je? Nimshauri nini?
Mke wa Askari, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza, na sikuoni mbaya wewe wala yeye sijamhukumu.

Hilo la panga asiliandike. Kama ilikuwa uzembe, atajibu uzembe. Akiandika uongo, amejiongezea kosa jengine kwa mkono wake mwenyewe, na siku shahidi mmoja akisimama aseme marehemu alikuwa mikono mitupu hakuna jaji atakayemwamini tena hata pale anaposema kweli. Panga la Kinango niliyoitaja hapo juu halikuwaokoa wale wawili. Na asidhani mkubwa atasimama naye, sheria imesema wazi amri ya mkubwa si udhuru. Amtafute loya wake mwenyewe, si wa kutafutiwa na kituo. Ana haki ya kunyamaza asijitie hatiani, Katiba inampa kama inavyompa mtu mwengine yeyote, lakini kunyamaza ni mbali na kudanganya. Na hakikisha tukio lenyewe liliripotiwa IPOA, kama wakubwa hawakupeleka basi apeleke yeye kupitia huyo loya.

Kuhusu hiyo funga, aende kwa sheikh amfafanulie vizuri, mana nahisi ameshika nusu. Ile miezi miwili mfululizo kwenye aya ni kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru. Haikuwekwa badala ya diya. Diya ni haki ya watu wa marehemu na bado iko pale pale, njaa yake yeye haiwafikii. Kwenda kwao kuomba radhi asikurupuke peke yake, amwambie loya kwanza, na awatume wazee, lakini asiache kwenda.

Kwa leo usimwambie mengi. Akishafuturu muulize kama analijua jina la yule mtu, na mamake anaitwa nani.